Gari la kazi ya miti: Hilux, Land Cruiser au Canter?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa kupogoa na kuangusha miti, naishi Tengeru, Arusha. Tuko watano kwenye timu. Kazi zetu nyingi ni miti ya majumbani mjini, migrivea ya mashamba ya kahawa upande wa Meru, na mara nyingine tunaitwa Machame na Marangu. Tuna kirikuu kimoja, kile kipikapu kidogo, ila masika yakianza hakipandi. Magogo na matawi tunakodi Canter mara mbili au tatu kwa wiki, shilingi 120,000 kila safari. Nimejichanga nimefika milioni 55, na nikiuza kirikuu nitafika kama 62. Nimebanwa kati ya Hilux dabo kebini, Land Cruiser pikapu na Canter yenye 4WD. Wenzangu wengi wanasema nichukue Land Cruiser nimalize kazi. Halafu mke wangu ndiye anayezunguka kukagua miti na kupatana bei na wateja, naye anataka automatic. Nishauri mzee wangu.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ushauri wangu ni huu, kisha nitakueleza nimeufikiaje: chukua Hilux dabo kebini ya dizeli, ya gia za mkono, yenye 4WD ya kweli. Kirikuu usikiuze. Canter endelea kuikodi. Land Cruiser ndilo gumu kuliko yote uliyoyataja, wenzako hawajakosea hapo, ila wao hawajui mnakwenda kazini watu wangapi na mnabeba nini.

Tuanze na uzito, maana ndio unaoua magari ya kazi yenu. Mtu akinunua gari la kazi ya miti huuliza nguvu ya injini na gari limeinuka kiasi gani kutoka chini. Ni nadra kuulizwa linabeba kilo ngapi. Mti mbichi umejaa maji. Kwa hesabu ya haraka, mita moja ya ujazo ya mti mbichi ina kilo 800 hadi 1,000, na mkaratusi uliokatwa leo asubuhi unaweza kuvuka hapo. Chukua pingili ya mkaratusi yenye kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa mita moja: ni kama kilo 200. Ukisogea chini ya shina ambako kipenyo ni sentimita 70, pingili ya urefu uleule inakaribia kilo 390. Ndiyo maana vijana hupakia pingili sita wakadhani gari limebeba kidogo kwa sababu bodi halijajaa, kumbe springi zimeshalala.

Sasa tufanye hesabu ya dabo kebini. Hilux za aina hii, kutegemea toleo, hubeba kati ya kilo 800 na tani moja. Tuseme utakayoipata ni ya 850. Watu watano kwa wastani wa kilo 75 ni 375. Misumeno ya mnyororo, kamba, ngazi, mikanda ya kupandia, winchi ya mkono na waya wake, petroli na oili ya mnyororo: weka kilo 200. Keria ya chuma, sanduku la vifaa na bampa la mbele ambalo najua utaliweka tu hata nikikukataza: weka 120. Jumla ni 695. Umebakiwa na kilo 155 za mzigo, yaani ile pingili moja ya sentimita 50 tayari imekushinda.

Hii haina maana kwamba Hilux ni dhaifu. Isuzu D-Max na Mitsubishi L200 za dabo kebini zitakupa hesabu hiyohiyo. Maana yake ni kwamba gari la kubeba timu haliwezi kuwa gari la kubeba magogo siku hiyohiyo. Kazi yake ni kufikisha watu watano na vifaa vyao hadi kwenye shina la mti, juu ya mlima, kwenye utelezi, na kuwarudisha. Magogo yatasogezwa hadi barabarani, na hapo Canter itayakuta.

Ukishalinunua, nenda kalipime. Tafuta mizani ya ghala la nafaka au ya kiwanda, jaza tangi, keti peke yako, upime. Kisha soma kibati cha gari ujue uzito wa juu unaoruhusiwa likiwa na kila kitu. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo akiba yako. Iandike kwa rangi ndani ya mlango wa nyuma ili vijana waione.

Kuhusu Land Cruiser, wewe unafikiria ile 79 ya kebini moja, yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, silinda sita, isiyo na tabo. Injini hiyo imekuwapo tangu mwaka 1990 na kila fundi kuanzia Namanga hadi Tunduma anaijua. Haina kompyuta nyingi za kukusumbua, chesisi yake ni nene, nyuma ina springi za bapa zinazovumilia, na mzigo wake ni tani moja na ushee. Ningekuwa nakuuzia gari ningeishia hapo. Lakini kebini yake ni ya watu wawili, watatu wakibanana. Wale wengine watapanda nyuma juu ya misumeno na kamba, na hapo umevunja sheria, na siku gari litakapoinama na kumwaga watu, kampuni ya bima ina sababu yake ya kutokulipa. Zipo 79 za dabo kebini tangu mwaka 2012, ila bei yake haizungumziki kwa milioni 62. Na ile ya kebini moja utakayoipata kwa fedha hizo mara nyingi itakuwa imeshalima barabara za migodini au hifadhini kwa miaka mingi. Gari gumu lililochoka bado ni gari lililochoka.

Jambo lingine: ukiona 79 imeingizwa kutoka Japani ya mwaka 2014 au 2015, inang'aa, kilomita chache, funua boneti kwanza. Toleo lile liliuzwa Japani likiwa na injini ya petroli ya V6 ya lita 4.0. Ni injini nzuri, lakini kwa safari zako za gia ndogo kutwa nzima utakuwa unakifanyia kazi kituo cha mafuta.

Kama kesho utapata mkataba mrefu wa kusafisha njia za umeme au kupogoa migrivea ya shamba zima, ambako magogo yanavutwa kila siku na watu wanafika kwa gari jingine, niulize tena. Hapo nitakwambia Land Cruiser bila kusita.

Canter ya 4WD inavutia ukiitazama kwenye picha za mnada wa Japani: bodi refu, tairi kubwa, pengine na kreni mgongoni. Nyingi zilitengenezwa kwa barabara za theluji, na baadhi hazina low, ile gia nzito ya kupandia taratibu. Za miaka ya karibuni zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo linataka safari ndefu ya mwendo mzuri ili lijisafishe. Kazi yenu ni kilomita nane, mnazima, mnawasha, mnaunguruma getini kwa mteja, mnazima. Chujio litaziba. Vipuri vya ekseli ya mbele vitakuwa vya kuagiza, tofauti na Canter ya kawaida ambayo vipuri vyake viko kila kona. Halafu Canter inaingia kwenye magari ya kupita mizani ya barabara kuu, maana sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito inaanzia tani 3.5. Na bado haitabeba watu watano ndani, labda uipate ile ya kebini mbili, ambayo bodi lake ni fupi, tukarudi kulekule.

Unalipa Canter ya kukodi shilingi 240,000 hadi 360,000 kwa wiki. Najua inauma. Lakini kwa fedha hiyo hununui tairi sita, hulipi dereva siku ambazo hakuna mzigo, hulipi bima wala sevisi. Ninachoshangaa ni kwamba hujaniambia kama mteja anaijua gharama hiyo. Iandike kwenye makadirio kwa mstari wake: kuangusha na kukata kiasi hiki, kuondoa magogo na matawi kiasi hiki kwa kila safari. Wengine watakwambia magogo wabaki nayo kwa kuni au watamwita mpasua mbao wao, na safari imeokoka. Siku utakapojikuta unakodi karibu kila siku ya kazi, nunua Canter ya kawaida ya tipa, isiyo na 4WD, kwa sababu yenyewe husimama barabarani.

Turudi kwenye Hilux. Kwa bajeti yako tazama za kizazi kilichoanza mwaka 2004 hadi 2015, zile watu wanaziita Vigo. Injini za dizeli unazokutana nazo ni 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3.0. Mimi kwa mlima na tela ningechukua 3.0, ila 2.5 iliyotunzwa inanipendeza kuliko 3.0 iliyopita mikono minne. Zote mbili zina mkanda wa taimingi ambao kiwandani husema ubadilishwe kila kilomita 150,000. Kwa vumbi letu mimi husema 100,000. Usimwamini mtu anayekwambia "ulibadilishwa juzi" bila risiti. Badilisha mwenyewe wiki ya kwanza, ni gharama ndogo ukilinganisha na vali zitakazopinda mkanda ukikatika.

Ugonjwa wa 1KD unaotakiwa kuujua ni washa za nozeli, zile pete za kuziba chini ya vipulizio vya dizeli. Zikianza kuvuja, moto wa silinda hupenya kwenye oili, oili inaganda masizi, masizi yanaziba chujio la kunyonyea oili kule chini ya sampu, na injini inajikaanga yenyewe bila kukupa onyo la maana. Ukienda kukagua, hakikisha injini imelala baridi tangu usiku. Muuzaji akiwa ameshaiwasha kabla hujafika, mwambie utarudi kesho. Iwashe, sikiliza mgongano mkali wa mwanzo unaodumu zaidi ya dakika moja mbili. Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma taratibu: pumzi kidogo ni kawaida, ila ikipuliza mfululizo kwa nguvu kama chungu kinachochemka, ondoka. Na bajeti yako iwe na nafasi ya kushusha sampu na kusafisha lile chujio hata kama gari ni zima.

Pia dizeli. Hizi injini hupuliza mafuta kwa shinikizo kubwa mno, na tone la maji kwenye dizeli linaharibu nozeli. Jaza kwenye kituo chenye wateja wengi, usinunue ya madumu njiani, na chujio la dizeli badilisha kabla ya muda wake. Hapa hamna ujanja wa kubana matumizi.

Gari litatoka wapi? Utashangaa kuona Hilux chache kutoka Japani. Toyota iliacha kuiuza huko kwa miaka mingi, ikairudisha mwaka 2017, kwa hiyo nyingi za mitumba hutoka Thailand, Uingereza na Afrika Kusini. Kila nchi na lake. Za Uingereza zimepita kwenye chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi, kwa hiyo lala chini ugonge chesisi kwa nyundo ndogo, hasa juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinaposhikiliwa. Sauti ibadilike kutoka mlio mkali kwenda mlio mfu, acha. Rangi nyeusi iliyopakwa jana chini ya gari inaficha kitu. Za Thailand hatari yake ni nyingine: kule huuzwa Hilux iliyoinuliwa juu sawasawa na ya 4WD lakini inavutwa na tairi za nyuma tu. Huitwa Prerunner. D-Max nayo ina toleo kama hilo, Hi-Lander. Kwa nje ni walewale. Inama utazame mbele: pawe na difu katikati ya tairi za mbele na shafti inayotoka giaboksi kwenda kwenye hiyo difu. Visipokuwepo, stika ya 4x4 pembeni ni mapambo.

Baada ya hapo jaribu 4WD yenyewe, na usiijaribu kwenye lami. Peleka gari kwenye changarawe au nyasi, ingiza 4WD ya kawaida, endesha ukipinda kushoto na kulia. Simama, ingiza low, panda kilima kwa gia ya kwanza bila kugusa mafuta. Sikiliza mlio wa kusaga. Rudisha kwenye gia za kawaida uhakikishe inatoka bila kugoma. Magari mengi ya mjini hayajawahi kuingizwa 4WD tangu yaletwe, na nusu ya matatizo ni vitu vilivyoganda kwa kutotumika.

Naomba uwafundishe vijana wako hili: 4WD ya Hilux ni ya kuingiza na kutoa. Ukiiacha imeingia kwenye lami kavu, tairi za mbele na za nyuma hazipati nafasi ya kutofautiana mwendo kwenye kona, shafti zinajikaza, na mwisho kitu kinakatika. Lami ikiisha, ingiza. Lami ikianza, toa. L200 zenye Super Select ndizo zinaruhusu 4WD kwenye lami, na kwa mtu anayepanda barabara za Marangu zenye lami ya kuteleza asubuhi ni faida ya kweli. L200 pia inakata kona ndogo, jambo utakalolishukuru kwenye mageti ya Njiro. Ukiikuta nzuri, sitakulaumu. Nimeitanguliza Hilux kwa sababu ya vipuri na kwa sababu siku ukiiuza itapata mnunuzi kabla jua halijazama.

Difu loki ya nyuma ikiwepo, lipia zaidi kidogo kuipata. Shamba la mgomba na kahawa limejaa mifereji. Tairi moja ya nyuma ikining'inia juu ya mfereji, difu ya kawaida inapeleka nguvu kwenye tairi iliyo hewani, ile iliyokanyaga ardhi inakaa kimya, na 4WD yako inakuwa haina maana kubwa. Loki inalazimisha zote mbili kuzunguka. Itumie ukiwa umekwama na unakwenda mbele moja kwa moja, kisha itoe.

Kwenye tairi usibane fedha. Udongo mwekundu wa Machame ukilowa na ule mweusi wa mbuga tambarare ni vitu viwili tofauti, lakini vyote vinaidharau tairi ya lami. Chukua tairi za eneo mchanganyiko, za kubebea mzigo, plai 8 au 10, zenye namba ya mzigo 110 na kuendelea. 110 maana yake tairi moja inahimili kilo 1,060. Kuna sababu ya pili ya kazi yenu: mnaendesha juu ya matawi mliyoyakata wenyewe. Kisiki cha tawi kilichokatwa mshazari kinachoma ubavu wa tairi laini, na ubavu hauzibwi. Tairi za matope zenye meno makubwa sikushauri, maana utatumia siku nyingi zaidi kwenye lami ya Moshi–Arusha kuliko kwenye tope, na zinasimama vibaya mvua ikinyesha.

Kupanga vifaa nyuma ndiko kunakotofautisha gari la miti na pikapu nyingine yoyote. Kamba za kupandia na mikanda haviruhusiwi kukaa na oili ya mnyororo, petroli wala betri. Kamba iliyolowa asidi ya betri inaweza kuonekana nzima na ikakatika mtu akiwa mita kumi na tano juu. Tengenezesha sanduku la chuma lenye vyumba viwili vilivyotengwa kabisa, lenye kufuli, kimoja kavu cha kamba, kingine cha misumeno na madumu. Madumu ya petroli yasiingie kebini hata kwa safari ya dakika tano, hata mvua ikinyesha. Najua dabo kebini inashawishi, ile nafasi nyuma ya kiti. Vitu vizito viweke mbele ya ekseli ya nyuma, karibu na kebini. Ukivirundika mkiani, mbele kunakuwa kwepesi na usukani unakosa mshiko wakati wa kupanda. Na usijenge keji ndefu ya kubebea matawi juu ya bodi. Kwenye mteremko wa ubavuni mzigo mrefu unalaza gari.

Kwa mizigo midogo nunua tela. Tela isiyo na breki zake mwenyewe isizidi kilo 750 pamoja na mzigo, na kwa milima yetu mimi ningebaki chini ya hapo. Kumbuka uzito unaokandamiza ndoano, kama asilimia 10 ya tela, unahesabiwa kwenye zile kilo 155 zako. Siku mkiweza kununua mashine ya kusaga matawi ya kuvutwa, nyingi za inchi sita zimetengenezwa kuzunguka huohuo uzito wa kilo 750, na Hilux itaivuta bila shida. Chipsi mbichi zina kilo 300 hadi 400 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo matawi yaliyokuwa yanajaza Canter yatatoshea kwenye kona, na wenye kahawa watayataka kwa kutandazia shambani. Hiyo ndiyo mashine itakayopunguza safari zako za Canter kuliko gari lolote utakalonunua.

Hujaniuliza kuhusu kuvuta mti kwa gari, ila nalitaja kwa sababu naliona kila wiki. Mti umeegemea paa la mteja, kamba inafungwa juu, ncha nyingine kwenye ndoano ya pikapu, dereva anaambiwa "vuta!" Dereva haoni mti unafanya nini. Tairi zikiteleza kwenye nyasi, mti unarudi ulikotaka kwenda, na sasa unakwenda huko pamoja na gari. Kamba inayotanuka inahifadhi nguvu, ikikatika inapiga vioo na vichwa. Tumia winchi ya mkono ya kebo iliyofungwa kwenye shina la mti mwingine, pamoja na puli ili mvutaji akae pembeni, mbali kuliko urefu wa mti. Inavuta polepole, inashika, na anayeivuta anasikia mti unavyoitikia. Gari liegeshe barabarani. Nyaya za umeme zikiwa karibu, hamgusi tawi mpaka TANESCO wazime laini, haijalishi mteja ana haraka kiasi gani.

Kwenye karatasi kuna mambo mawili ya kukagua. Bima ichukue kubwa, ya gari la biashara, na umweleze wakala waziwazi kwamba linabeba wafanyakazi na vifaa vya kukatia miti. Ukiandikisha kama gari la familia ili upunguziwe, umenunua karatasi. Na magogo yakitoka shambani kwenda kuuzwa, yanahitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Pita ofisi ya misitu ya wilaya kabla Canter haijapakia, kwa sababu kwenye kizuizi cha TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu, hawatauliza kama mti ulikuwa wa mteja wako. Watauliza hati.

Limebaki la mama. Automatic si dhambi. Kwa kupanda tu ni rahisi hata zaidi. Ninachokwepa ni kushuka. Ukiwa na watu watano, vifaa na tela, unashuka Marangu kwa utelezi, unataka low na gia ya kwanza ikushike bila kukanyaga breki, na gia za mkono hufanya hivyo vizuri zaidi. Kuvuta tela mlimani nako kunapasha moto oili ya giaboksi ya automatic, na giaboksi hiyo ikifa bei yake itakuliza.

Lakini yeye hahitaji Hilux kabisa. Anakwenda kutazama mti, kupima kwa macho, kupiga picha na kupatana bei. Kupeleka dabo kebini la dizeli Sakina kwa ajili ya mazungumzo ya nusu saa ni kuteketeza mafuta. Kirikuu cha sentimita za ujazo 660 kinafanya kazi hiyo kwa senti chache, na bado kinabeba kilo 350 za kuni alizouziwa jirani wa mteja. Ndiyo maana nimesema usikiuze. Tafuta gari ndani ya milioni 45, kwenye hizo kumi zinazobaki toa mkanda wa taimingi, tairi, bima, sanduku la nyuma na tela, na kitakachosalia kikae benki kisubiri nozeli.